Pikipiki Kubwa Haizeeki Barabarani

Ukisimama na pikipiki kubwa pale Segera, njia panda ya Tanga na Arusha, helmeti haijatoka kichwani vijana wa bodaboda wameshakuzunguka. Swali la kwanza ni lilelile tangu nilipoanza: "Mzee, hii inatembea ngapi?" La pili: "Bei gani?" La kwanza nalijibu kwa ufupi, la pili nalikwepa. Katika miaka kumi na miwili ni kijana mmoja tu aliyechuchumaa nyuma, akatazama gurudumu, akauliza, "Cheni yake iko wapi?" Huyo nilimnunulia chai na maandazi, tukakaa nusu saa.

Cheni haipo. Nguvu inatoka kwenye giaboksi, inapita kwenye shafti iliyofichwa ndani ya mkono wa gurudumu, inaingia kwenye difu ndogo. Mambo ya gari kabisa. Pikipiki yenyewe ni BMW R1200GS ya mwaka 2009: injini ya sentimita za ujazo 1,170, silinda mbili zilizochomoza pembeni kama mtu aliyeshika kiuno, nguvu za farasi 105, kilo 229 ikiwa na mafuta yake. Niliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2013 ikiwa imetembea kilomita 31,000. Leo asubuhi ilisoma 148,206.

Wengi walianza kuijua baada ya 2007, pale waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipotoka kaskazini mwa Scotland hadi Cape Town, wakapita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania wakiwa juu ya toleo lake lenye tangi kubwa. Wao walikuwa na magari ya msaada. Mimi nyuma yangu kuna mke wangu na kikapu cha maembe, na safari yetu kubwa ya kila mwaka ni kwa wakwe zangu Iringa, zaidi ya kilomita 600 kutoka Tanga. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mtu anayetaka kukaa na pikipiki kubwa kwa muda mrefu katika nchi ambayo spea zake haziuzwi dukani. Kuvuka bara ni habari nyingine.

Nikifungua daftari langu la matengenezo naona jambo moja linajirudia. Karibu kila kilichoharibika kiliharibika pikipiki ikiwa imesimama uani, au mara tu baada ya mtu kuishika kwa haraka, na mara nyingi mtu huyo ni mimi. Safari zenyewe hazijaiumiza. Injini iliyopata moto wake vizuri na kutembea saa sita mfululizo kwa kilomita 90 au 100 kwa saa inastarehe. Ile inayowashwa Jumamosi kwa dakika tano ili majirani waisikie, inajiua kidogo kidogo.

Kabla ya kutoa pesa

Pikipiki hizi nyingi hapa kwetu ni za mkono wa pili au wa tatu: mtumishi wa shirika amemaliza mkataba, msafiri amechoka njiani, mtu kaileta kutoka Uingereza au Afrika Kusini. Bei itakushawishi. Kabla ya bei, angalia mambo mawili ambayo hata muuzaji huenda hayajui.

La kwanza ni breki. Matoleo ya miaka ya mwanzo, 2004 hadi 2006, yakiwa na ABS yalisaidiwa na mota ya umeme. Ukifungua swichi na kushika breki unasikia mlio kama blenda iliyo chumba cha pili. Zinashika vizuri mno, ila umeme ukikatika breki inakuwa nzito kama ya trela, na bei ya kifaa kipya itakutoa machozi. Kuanzia matoleo ya 2007 mota ile iliondolewa. Mimi nisingenunua yenye mota, hata kwa nusu bei.

La pili ni kitovu kinachobeba gurudumu la nyuma. Zamani kilikuwa cha aluminiamu. Mwaka 2015 BMW iliziita pikipiki za kizazi hiki zibadilishiwe, kwa kuwa kile cha zamani kinaweza kupata ufa boliti za gurudumu zikikazwa kupita kiasi. Kipya ni cha chuma. Wito wa namna hiyo unapita kwa mawakala, na pikipiki iliyokuwa Sumbawanga au Lubumbashi wakati huo hakuna aliyeipigia simu. Nenda na sumaku ndogo mfukoni. Igusishe kwenye kitovu: ikinata, kazi ilifanyika, isiponata, weka gharama hiyo kwenye hesabu ya bei.

Ukishamaliza hapo, isimamishe kwenye stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma juu na chini, litikise. Likicheza cheza, beringi ya difu inaanza kuchoka. Dai funguo mbili, kwa sababu ufunguo una chipu, na kutengeneza mwingine si kazi ya mchonga funguo wa sokoni. Na uikute injini ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla hujafika ana lake jambo.

Daftari

Langu ni daftari la shule, la kurasa 96, limefunikwa kwa nailoni. Kila ingizo lina tarehe, kilomita, kilichofanyika, nani alikishika, na kilichobaki bila kufanyika. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Oktoba 2016 niliandika: "Pedi za nyuma zimebaki milimita 2, agiza." Sikuagiza. Desemba nikalipa usafirishaji wa haraka kwa ndege kwa bei iliyozidi pedi zenyewe.

Simu inaweza kufanya kazi hiyohiyo, lakini simu hubadilika na fundi hawezi kuandika kwenye simu yako mikono yake ikiwa na grisi. Fundi wangu, mzee aliyezeekea kwenye matrekta ya mashamba ya mkonge, anaandika mwenyewe. Hati yake mbaya, vipimo vyake sahihi. Huyo nimekaa naye tangu mwanzo, na ushauri wangu kuhusu mafundi ni mfupi: mtafute anayeuliza kabla ya kufungua. Aliyezoea BMW atakufaa. Aliyezoea dizeli kubwa na hana haraka atakufaa pia. Anayekwambia "hii ndogo, bosi" kabla hajavua hata kiti, mshukuru, ondoka.

Oili, tapeti na difu

Hapa kuna habari njema. Injini hii hupozwa kwa hewa na oili, na imetengenezwa kutumia oili nzito ya 20W-50, ileile inayopatikana kwenye sheli yoyote kuanzia Horohoro hadi Tunduma. Tena klachi yake ni kavu kama ya gari. Imekaa nje ya oili ya injini. Kwa hiyo tahadhari wanayopewa wenye pikipiki za Kijapani, kwamba oili ya gari itafanya klachi iteleze, haikuhusu hapa. Lita 4 na filta, kila kilomita 10,000 kwa mujibu wa kitabu. Mimi kwa vumbi letu na joto la Tanga nabadilisha kwenye 7,500.

Kupima oili ndiko kunakowashinda wengi. Upande wa kushoto chini kuna kioo cha duara. Ukitazama pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni kinakudanganya, na ikiwa ya baridi kinakudanganya pia. Endesha mpaka ipate moto, iweke kwenye stendi kubwa mahali pa tambarare, subiri kama dakika kumi, ndipo utazame. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Niliona kioo kitupu, nikaongeza nusu lita, kesho yake nikaongeza tena. Njiani kuelekea Korogwe ikaanza kutoa moshi wa bluu kama jiko la kuni mbichi: oili iliyozidi ilikuwa imepandia kwenye boksi la filta ya hewa. Tulishinda siku nzima tukilisafisha kwa matambara. Oili ikiwa katikati ya kioo, iache.

Tapeti ndiyo kazi ninayomsihi kila mwenye pikipiki hii ajifunze mwenyewe. Kwa injini nyingine kubwa unavua tangi, plastiki, rejeta, na jioni unabaki na boliti moja usiyojua ilikotoka. Hapa vichwa vya injini vimetoka nje, vinakungoja. Ilaze usiku mzima ipoe kabisa. Asubuhi iweke kwenye stendi kubwa, ingiza gia ya sita, chomoa koili na plagi moja kila upande, kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Injini itazunguka taratibu unavyotaka. Weka beseni chini, fungua kifuniko cha upande mmoja. Pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote za upande huo zimefungwa, unapitisha vibati vya kupimia nafasi: milimita 0.15 kwa valvu za kuingiza, ambazo ziko nyuma, na 0.30 kwa za kutolea moshi, mbele. Kibati kipite kwa ubishi kidogo, kama uzi kwenye kanga mpya. Kikikataa kupita, legeza nati, rekebisha, kaza, pima tena, maana kukaza kwenyewe kunabadilisha kipimo. Ukimaliza upande huo, endelea kuzungusha mpaka pistoni zirudi juu. Sasa ni zamu ya upande wa pili.

Mara ya kwanza ilinichukua saa tano. Sasa ni moja na nusu, pamoja na chai. Vipimo hivyo ni vya injini za hadi 2009. Kuanzia 2010 vichwa vilibadilishwa, kwa hiyo soma kitabu cha yako. Na usiogope mlio. Fundi wangu husema tapeti inayolia inaomba tu kuangaliwa, ila ile iliyonyamaza ghafla ndiyo ya kukimbilia, kwa sababu valvu isiyofunga sawasawa huungua.

Difu ya nyuma inasahaulika kwa kuwa haina kelele. Pikipiki hizi zilipoanza kuuzwa, oili ya difu ilihesabiwa kuwa ya maisha. Baadaye ushauri ukabadilishwa, ikawa ya kumwagwa. Ni mililita 180 tu za oili ya gia ya 75W-90, pungufu ya kikombe cha chai. Mimi nabadilisha kila kilomita 20,000, na kila mara naitazama iliyotoka kwenye mwanga wa jua: unga laini kwenye sumaku ya kizibo ni kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida. Kila miaka miwili tunafungua pia mpira unaofunika maungio ya shafti, tunafuta meno yake na kuyapaka grisi mpya. Ukiishi karibu na bahari usiliache hili. Meno ya shafti yakila kutu, hutayasikia mpaka siku yatakapoteleza.

Chumvi, panya na mashine ya presha

Tanga upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani. Aluminiamu inatoka vidonda vyeupe, nati za eksosi zinavimba kutu, vituo vya betri vinaota unga wa kijani. Dawa yake si ghali: maji ya bomba na sabuni laini kila unaporudi kutoka barabara ya ufukweni, kuendesha kilomita chache ikauke, na kitambaa chenye oili nyepesi kwenye nati zilizo wazi, mbali kabisa na diski za breki. Oili ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Miaka miwili ikifika ibadilishe hata kama inaonekana safi.

Kilichoniangusha mimi ni uvivu. Mwaka 2017, baada ya safari ya matope, niliipeleka sehemu ya kuoshea magari na kumwachia kijana mwenye mashine ya presha, nami nikaenda kunywa kahawa. Juu ya tangi, karibu na mdomo wa kujazia, kuna kisanduku kidogo cha elektroniki kinachoendesha pampu ya mafuta. Maji ni adui yake. Wenye pikipiki hizi dunia nzima wanalijua hilo, na mimi nilikuwa nimekwisha kulisoma. Kijana alipiga maji pale kwa moyo wote. Siku tatu baadaye, kabla ya Mombo, injini ikazima kimya kama taa ya tanesko.

Tangu siku hiyo chini ya kiti kuna waya mmoja wenye vichwa viwili unaopeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye pampu. Ni kama urefu wa mkono, na unaweza kukurudisha nyumbani. Fundi wa njiani atakayetafuta fyuzi iliyoungua hataipata, kwa kuwa pikipiki hii haina fyuzi za kawaida; kompyuta ndiyo inayokata umeme yenyewe. Kuisoma kompyuta hiyo kuna kifaa kiitwacho GS-911, kinachotengenezwa Afrika Kusini. Sisi wanne wenye pikipiki za aina hii tulichanga tukanunua kimoja, kinazunguka kwa zamu kama kibati cha akina mama.

Kusimama kwenyewe ni ugonjwa. Masika ya mwaka mmoja niliiacha wiki kumi. Betri ya saa-ampea 14 ilikuwa imekufa, kwa kuwa saa na kompyuta vinakula kidogo kidogo usiku na mchana. Nikachomeka chaja kwenye soketi ya pembeni, haikuchaji: pikipiki huifunga soketi ile yenyewe. Chaji moja kwa moja kwenye betri. Nilipoinua kiti nikakuta panya amejenga kwa makumbi ya nazi, amesuka vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua, na ameanza kutafuna ganda la waya. Sasa ikibidi kukaa zaidi ya wiki mbili, najaza tangi mpaka juu, nafungua waya wa betri, nabandika wavu wa mbu kwenye tundu la hewa, na naacha kitambaa chekundu kwenye usukani cha kunikumbusha kuutoa.

Matairi

Ya mbele ni 110/80 ya inchi 19, ya nyuma 150/70 ya inchi 17. Usitegemee kuyakuta. La nyuma linaisha kati ya kilomita 8,000 na 12,000 kutegemea joto na mzigo, kwa hiyo la akiba liwe limekwisha kufika nyumbani kabla lililopo halijafikia nusu. Unaponunua, soma tarakimu nne za mwisho za kodi iliyo ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Niliwahi kuuziwa tairi "jipya" lenye umri wa miaka saba, gumu kama kandambili iliyoachwa juani.

Upepo: 32 mbele na 36 nyuma ukiwa peke yako, 36 na 42 mkiwa wawili na mizigo, asubuhi kabla ya kutembea. Kuwa na geji yako mwenyewe. Za sheli kila moja ina maoni yake. Matairi haya hayana tyubu, basi pancha ya msumari unaiziba bila kuvua gurudumu, kwa vijiti vya mpira na pampu ndogo ya betri. Ni dakika ishirini, kumi kati yake zikiwa za kujibu maswali ya watazamaji.

Likibidi kuvuliwa, simama hapohapo. Gurudumu la nyuma linashikwa na boliti tano tu, na nguvu yake ya kukaza ni nyutonimita 60. Nimemwona mziba pancha akipanda juu ya bomba la mita moja ili "izikaze vizuri". Ndivyo kitovu kile cha aluminiamu kinavyopata ufa. Bisibisi yenyewe ni ya nyota, saizi T50. Nunua yako na spana ya kupimia mkazo, mwambie fundi akae pembeni, ukaze mwenyewe kwa kuruka boliti moja moja.

Foleni, na kuiangusha

Klachi kavu haipendi kuchezewa. Kwenye mchanga, au kwenye foleni ya Ubungo, ukiishikilia nusu nusu utanusa harufu ya kamba inayoungua. Hiyo ni klachi yako inaondoka, na kuibadilisha kunataka pikipiki igawanywe vipande viwili. Achia kabisa au kamata kabisa. Foleni ikisimama zaidi ya dakika tatu, zima. Injini inayopozwa kwa hewa inahitaji hewa inayotembea, na feni haina.

Utaiangusha. Si kwa mwendo. Utaiangusha imesimama, kwenye sheli, mbele ya watu. Yangu ililala Korogwe baada ya kukanyaga kokoto mguu ukiteleza. Zima injini, ingiza gia. Ikiwa imelalia kulia, fungua kwanza stendi ya pembeni, isije ikapitiliza upande wa pili. Geuza usukani uelekee ardhini mpaka mwisho, ipe mgongo, kalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye mpini na mwingine kwenye keria, piga magoti, kisha rudi nyuma kwa hatua fupi fupi ukisukuma kwa miguu. Kiuno kisifanye kazi yoyote. Mke wangu ana kilo 58 na ameiinua. Silinda zenyewe zinasaidia, kwani zinaizuia isilale kabisa. Baada ya hapo chungulia kifuniko kilichogusa chini kama kinavuja.

Njiani sina mengi. Usiku silali njiani wala siendeshi. Ndani ya Mikumi, kama kilomita 50 hivi, napunguza hata pale pasipo na tuta, kwa sababu swala akivuka mmoja, wa pili yuko nyuma yake. Upepo wa pembeni wa Makambako unataka mwili ulegee na usukani ushikwe kwa vidole. Basi likikupita, ujue upepo wake utakusukuma kwanza halafu utakuvuta. Mafuta ninajaza kila kilomita 280 ingawa tangi la lita 20 linanifikisha karibu 350. Kipimo cha mafuta cha pikipiki hizi hakiaminiki popote duniani, natumia kilomita. Najaza kwenye sheli yenye foleni ya mabasi. Mamlaka ya nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kuwabana wachakachuaji, lakini tangi la chini lisilouza kitu kwa wiki mbili linaweza kuwa na maji bila mtu kuchakachua chochote.

Spea

Naagiza mara mbili kwa mwaka, pamoja na wenzangu watatu, ili usafirishaji na ushuru tugawane. Nyumbani siku zote kuna filta mbili za oili, moja ya hewa, pedi seti moja, plagi, mkanda wa alteneta, mipira ya vifuniko vya injini na sili ya difu. Vyote vinaenea kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko. Sili ya difu ilikaa ndani ya ndoo miaka sita kabla ya kuhitajika, na siku ilipohitajika ilikuwa Ijumaa jioni, wakwe wakitusubiri Jumapili kwa ajili ya kipaimara.

Bei za vitu hivi zinauma. Tairi moja la nyuma lingevalisha bodaboda kadhaa. Ila daftari linaonyesha kwamba tangu nilipoanza kuagiza kabla ya kuhitaji, mwaka wenye gharama kubwa kuliko yote ni ule niliotembea kidogo kuliko yote: kilomita 3,100, betri, waya, filta iliyotafunwa, na oili ya breki iliyokuwa ya rangi ya chai ya rangi.

Ingizo la jana linasema: "148,206. Tapeti sawa isipokuwa ya moshi, kushoto, ilikuwa 0.25, imerudishwa 0.30. Difu safi. Kilichobaki: tairi la mbele lina miaka mitano, agiza kabla ya vuli." Chini yake fundi ameongeza kwa hati yake mbaya: "Mwambie mama maembe yasizidi kilo kumi."